Mafundi rangi wa Mwanza, mnapiga bei kwa chumba, kwa mita au kwa macho? Nimetoka Buswelu mikono mitupu

#1 Brashi wa Igoma
Wakuu salaam. Hili limenikaa kooni wiki ya pili sasa, naomba tulijadili kwa kina.

Mimi ni fundi rangi, mwaka wa tisa huu niko kazini. Mwezi uliopita niliitwa Buswelu, nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko, korido na vyoo viwili. Tukazunguka na mwenye nyumba kama dakika kumi, yeye mbele mimi nyuma. Kufika getini akaniuliza: "Ufundi tu, rangi nanunua mimi, utanifanyia ngapi?" Nikasema laki nane. Tukavutana, tukafunga laki saba na nusu. Advansi laki mbili na nusu. Karatasi hakuna.

Kuanza kazi ndipo nikaona nilichokiacha kwenye zile dakika kumi. Vyumba viwili plasta bado mbichi. Sebuleni kuna skimu (ule upako laini wa kunyoosha ukuta) ya fundi mwingine inatoka unga, ukipitisha kiganja kinarudi cheupe kama umeshika sembe. Nikakwangua yote, nikapiga upya. Halafu yakaanza: "Fundi, na grili za madirisha basi malizia." "Fundi, na uzio, huo upande wa barabarani tu."

Nilikuwa na vijana wawili, kila mmoja 15,000 kwa siku. Nilipanga siku 10, nikamaliza siku ya 19. Pigeni hesabu wenyewe: vijana peke yao 570,000. Na mimi mpaka leo nimepokea 570,000 kamili. 180,000 iliyobaki nadai, simu haipokelewi.

Ninyi mnapigaje bei? Na kuna anayemwandikia mteja ankara akaikubali?

#2 Kokoto za Mabatini
Pole sana mkuu. Ugonjwa wako unaitwa "chumba". Chumba siyo kipimo. Chumba cha kupanga Nyakato ni chumba, na cha Capri Point kinachoingia vitanda vitatu nacho ni chumba.

Nunua futi ya kupimia. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 ukikizunguka ni mita 13, kuta zina urefu wa mita 3, hiyo ni mita za mraba 39. Toa mlango na dirisha, kama tatu na nusu, unabaki na 35 na ushee. Dari ni 10.5 nyingine, na dari ina bei yake kwa sababu shingo inauma. Ukiwa na namba hizo hata akikuvuta, unajua anakuvuta kutoka wapi.

#3 Mama Wili
Nami nichangie upande wa mwenye nyumba, maana naona mnatuandaa.

Fundi wa kwanza aliponiambia 2,500 kwa mita nilimwona kama ananificha kitu. Najua nyumba yangu ina mita ngapi za ukuta? Akisema "chumba elfu arobaini" naelewa, nahesabu vidole, nalala. Mita ni lugha yenu.

Jambo la pili mlijue. Rangi inakuja mwisho wa ujenzi. Mpaka nafika kwa fundi rangi nimeshamlipa wa msingi, wa matofali, bati, umeme, bomba, madirisha na vigae. Mfuko umeshatoboka. Simtetei wa Buswelu, ila wengi mnatukuta tukiwa tumeishiwa na bado tunaona aibu kusema.

#4 Mzee Msasa
Mama Wili umesema kweli tupu. Mimi nimeanza kushika brashi kabla wengi humu hawajazaliwa, na fundi rangi ndiye anayelipwa na mabaki siku zote.

Brashi wa Igoma, ng'wanawane, mimi sioni kosa lako kwenye chumba wala mita. Kosa ni kwamba hukuugusa ukuta. Ungepima mita zote na bado ungelia, kwa sababu mita ya ukuta unaotoka unga ni kazi mara mbili ya mita ya ukuta mzima. Kabla ya kutaja bei, piga kiganja. Bandika kipande cha nailoni kwa tepu pande zote nne, kilale usiku mzima. Ukikuta matone kwa ndani, ukuta bado una maji, usiuguse. Plasta mpya iache kama wiki nne. Ukiiwahi, rangi inavimba malengelenge, na atakayeitwa mwizi ni wewe, siyo aliyepiga plasta jana.

Zamani tulipiga bei kwa ndoo. Zikienda ndoo sita, ufundi wa ndoo sita. Hatukuwa na ugomvi.

#5 Kokoto za Mabatini
Shikamoo Mzee, ila kwa ndoo hapana. Ndoo ya lita 20 kwenye ukuta uliopigwa skimu ikanyooka inamaliza kama mita za mraba 100 kwa mikono miwili, yaani ukipaka mara mbili. Ndoo hiyohiyo kwenye plasta kavu inanyweka, hata 70 hufiki. Kwa hesabu ya ndoo, fundi anayeandaa ukuta vizuri analipwa kidogo na anayemimina rangi kwenye plasta analipwa zaidi. Imekaa kinyume.

#6 Mzee Msasa
Marahaba. Hapo umenikamata. Lakini sisi tulikuwa hatumimini.

#7 Mhasibu wa Kirumba
Habari wakuu. Mimi si fundi, natunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo, na naona karatasi tatu mnaziita jina moja.

Kabla ya kazi unampa mteja kotesheni: nitafanya nini, wapi, kwa kiasi gani, na nini hakimo. Kazi ikifika hatua mliyokubaliana unampa ankara, yaani unamdai. Akilipa ndipo unampa risiti. Nimewahi kumwona fundi aliyempa mteja risiti kama ndiyo ankara, imeandikwa "nimepokea", na sahihi juu. Alipokwenda kudai akaonyeshwa karatasi yake mwenyewe.

Mleta uzi, hujapoteza haki kwa kukosa karatasi. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inayatambua makubaliano ya mdomo. Shida ni kuyathibitisha. Ulimtumia meseji yoyote? Advansi ililipwa kwa simu? Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kumbukumbu za kielektroniki zinaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Usifute kitu kwenye hiyo simu. Deni kama hilo unaweza kulipeleka Mahakama ya Mwanzo.

#8 Brashi wa Igoma
Mhasibu asante. Advansi ilikuja kwa simu, muamala ninao. Ya grili na uzio alimtuma kijana wake aniambie kwa mdomo.

#9 Mhasibu wa Kirumba
Hapo ndipo hela yako ya nyongeza ilipopotelea, mbali na hiyo 180,000. Kila nyongeza, kabla hujachovya brashi, tuma meseji mstari mmoja: "Boss, grili 8 ni nyongeza, 80,000, niendelee?" Akijibu "sawa" tayari una mkataba mdogo.

#10 Kijana wa Bwiru
Mnazungumza kama nyumba zote ziko tambarare. Huku kwetu nyumba zimekaa juu ya mawe. Mbele unaingia kwa ngazi mbili, nyuma ukuta unashuka na mlima. Niliwahi kupewa nyumba, mbele mita 3, mteja kanipokea sebuleni na soda baridi, nikapiga bei ya nje kwa kuangalia mbele. Kesho yake nazunguka nyuma, nakuta ukuta wa mita karibu 6 unaning'inia juu ya jabali, hakuna hata pa kusimamisha ngazi. Ikabidi nikodi mirunda, nifunge jukwaa, miguu ya jukwaa mingine mirefu mingine mifupi kwa sababu ya mawe. Siku mbili nafunga mirunda, sijapaka hata tone.

Na bodaboda inaishia barabarani chini. Ndoo zinapanda kichwani. Maji ya kuchanganyia nayo yanapanda kichwani. Hayo nayo ni mita ngapi?

#11 Dada Rola
Kijana wa Bwiru umenikumbusha Luchelele. Mimi nimesoma upakaji rangi VETA, nafanya zaidi kazi za milango na grili, rangi ya mafuta.

Mteja nyumba yake iko karibu kabisa na ziwa. Nimepiga msasa milango sita, andakoti, mkono wa kwanza, jioni namaliza mkono wa pili, milango inang'aa unaona uso wako. Giza linaingia, mama wa nyumba akawasha taa za barazani. Wale wadudu wa ziwani walikuwa wametoka siku hiyo, lile wingu lao linalosimama juu ya maji kama moshi. Wakafuata taa. Asubuhi kila mlango umejaa vidoa vyeusi, mabawa yamenasa, miguu imenasa, kama mtu kamwaga ufuta. Ukifuta ikiwa mbichi unachafua zaidi. Nilisubiri siku mbili ikauke, nikapiga msasa, nikarudia yote sita.

Nani alilipa? Mimi. Sasa kwenye kotesheni naandika: kazi ya mafuta karibu na ziwa inafanyika asubuhi mpaka saa nane, taa za nje zisiwashwe usiku wa kwanza, zikiwashwa marudio ni bei mpya.

#12 Sato wa Kukaanga
Hahaha Dada Rola, unamwandikia mteja azime taa za nyumba yake! Siku ukija kwangu utaniandikia nisikohoe.

#13 Dada Rola
Kohoa mpaka uchoke kaka, ila ukikohoa karibu na mlango wangu mbichi, ankara itakuja na kikohozi ndani.

#14 Saidia Fundi
Mimi naona mnazunguka. Sababu kubwa ni sisi kwa sisi. Unapima mita vizuri, unaandika kotesheni, unataja 900,000. Nyuma yako anakuja mwingine anasema 450,000 na anaanza leo. Mteja atamchukua nani? Nimefanya kazi chini ya mafundi wa aina hiyo. Wanajua hailipi. Wanachotaka ni ile advansi, wakalipie deni la saiti iliyopita. Kila saiti inalipa ya nyuma yake, mpaka siku kazi zikatike.

#15 Mama Wili
Huyo ndiye aliyenila mimi! Alichukua advansi laki tatu, akapiga praima, ile rangi ya kutangulia, vyumba viwili, akaniambia anafuata msasa mjini. Baada ya wiki naambiwa yuko Geita machimboni. Ndiyo maana mkisema "tulipeni kwa hatua" moyo unaruka.

#16 Mzee Msasa
Mama, hatua zinakulinda na wewe. Anayedai nusu nzima kabla hajafungua kopo mwogope. Mpe ya kuanzia, ndogo. Ukuta ukishanyooka na praima imekaa, mpe. Mkono wa kwanza ukiisha, mpe. Fundi naye asipige mkono wa mwisho mpaka deni limebaki dogo. Mkono wa mwisho ndiyo rehani yetu, kwa sababu hakuna anayehamia nyumba yenye mabaka.

#17 Mama Wili
Mzee hapo sikubali moja kwa moja. Mkono wa mwisho ndiyo rehani yangu pia. Nikishalipa karibu yote, nani atarudi kurekebisha matone kwenye vigae?

#18 Kokoto za Mabatini
Nirudi kwa Saidia Fundi #14. Wa 450,000 wapo, ila wengi wetu hata hatujui kazi inatugharimu ngapi. Tunajumlisha vijana na nauli, halafu "naongeza ishirini asilimia yangu". Kazi ikikugharimu 800,000 ukaongeza 20% unataja 960,000. Unadhani faida ni 20% ya bei? Faida yako ni 160,000 kwenye 960,000, kama 16.7%. Ukitaka 20% ya bei yenyewe ibaki, gawa 800,000 kwa 0.8, inakuja milioni moja.

Na kwenye hiyo 800,000, je, mshahara wako mwenyewe umeuweka? Mleta uzi kahesabu vijana, hakujihesabu. Siku 19 naye alikuwa anapaka.

#19 Brashi wa Igoma
Kokoto, hilo limenichoma. Kweli sikujihesabu. Nilizoea kinachobaki ndiyo changu.

#20 Rangi Mbili
Mimi nililizwa na shule moja binafsi. Ankara yangu ilikuwa milioni 2, wakaniingizia milioni 1 na laki tisa. Laki moja wamekula watu wa uhasibu. Nikidai wanasema kodi. Kodi gani wakati sijafikisha hata milioni 100 za VAT?

#21 Mhasibu wa Kirumba
Mkuu Rangi Mbili, taratibu, umechanganya vitu viwili. Kwanza, kiwango cha kusajiliwa VAT siyo milioni 100 tena, tangu 2023 ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Usipokuwa umesajiliwa, usiweke ile 18% kwenye ankara yako hata mteja akikuomba.

Pili, waliyokata inaonekana ni kodi ya zuio, asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Laki moja kwenye milioni 2 ni asilimia 5 kamili. Hela hiyo wanatakiwa kuipeleka TRA kwa jina lako, na wewe unatakiwa kupewa hati ya kodi ya zuio. Waombe hati na TIN yako mkononi. Wakikosa hati, ndipo useme wamekula.

Swali: ile milioni 2 ilikuwa ufundi mtupu?

#22 Rangi Mbili
Hapana, rangi nilinunua mimi. Rangi na vifaa milioni 1 na laki mbili, ufundi laki nane.

#23 Mhasibu wa Kirumba
Na kwenye ankara uliandika mstari mmoja, "kupaka rangi madarasa, 2,000,000"?

#24 Rangi Mbili
Ndiyo.

#25 Mhasibu wa Kirumba
Basi wamekata kwenye rangi na ufundi vyote kwa pamoja, kwa sababu hukuwatenganishia. Safari ijayo matirio mstari wake, ufundi mstari wake, na risiti za dukani ziambatanishwe.

#26 Mtu wa Nansio
Asante Mhasibu, hiyo naihifadhi. Sisi visiwani tuna mstari wa tatu, usafiri. Rangi nafuata Mwanza, inakuja na meli. Nikikosea hesabu kwa galoni moja, nasubiri mzigo unaofuata na vijana wamekaa wanakula. Halafu ile galoni ya nyongeza, hata ukitaja namba ileile ya rangi, inaweza kuja imezidi kidogo au imepauka kidogo, ukipaka katikati ya ukuta mstari unaonekana. Ndiyo maana nanunua zote kwa mpigo na nachanganya ndoo zote kwenye pipa moja kabla ya kuanza. Mteja anaona nimenunua nyingi, anasema nataka kubakiza niuze.

#27 Sato wa Kukaanga
Wenzenu wa Sengerema wameshasahau foleni ya kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, fundi wa Mwanza anaamkia saiti Sengerema na jioni yuko kwake. Wateja wa huko wamegundua, usafiri hawataki tena kuuona kwenye ankara.

#28 Mama Wili
Mtu wa Nansio umegusa kidonda. Rangi inayobaki ni ya nani? Nimenunua mimi, lakini nikigeuka sioni ndoo. Wakati mwingine naona ndoo zimeisha haraka na ukuta unaonekana kama umepakwa maziwa yenye maji.

#29 Dada Rola
Ya mama, ni yako mpaka tone la mwisho. Na uiombe: lita moja au mbili zifungwe vizuri, ziandikwe namba na chumba, uweke stoo. Watoto wakichora ukuta unarekebisha kwa rangi ileile. Kuhusu maji, kopo lenyewe limeandikwa kiasi cha kuongeza. Simama siku ya kuchanganya uone.

#30 Mzee Msasa
Ila asisimame siku zote. Mwenye nyumba akikaa mlangoni kutwa, vijana wanapaka kwa woga, kona zinaharibika.

#31 Brashi wa Igoma
Wakuu nimerudi na mrejesho.

Buswelu: nilimtumia meseji kama Mhasibu alivyosema, nimeandika kazi ya awali, grili, uzio, kilicholipwa na kinachobaki, kwa heshima bila maneno makali. Jana usiku akajibu: "Fundi nimeona, mwezi huu umenibana, nitakupunguzia." Hajatuma kitu, ila kwa mara ya kwanza kaandika kwa mkono wake kwamba anadaiwa.

Leo asubuhi niliitwa Mkolani, nyumba mpya. Nimekwenda na futi na nailoni. Mwenye nyumba alishangaa nilivyokuwa napima, mwanae ndiye aliyenishikia ncha ya pili. Ndani ni mita za mraba 312 bila dari. Nailoni nimebandika sehemu tatu, kesho nafuata majibu. Halafu nikakumbuka Kijana wa Bwiru, nikazunguka nyuma. Mbele mita 3.1. Nyuma mita 5.8, na chini yake ni jiwe lenye mteremko.

Swali la mwisho: mirunda na kufunga jukwaa naandika mstari wake, au naingiza ndani ya bei ya mita?

#32 Kokoto za Mabatini
Mstari wake. Aone kwamba nyumba yake ndiyo imeleta gharama, siyo wewe.

#33 Kijana wa Bwiru
Usithubutu. Ukiandika mstari wake atasema "mirunda ninayo, ilibaki kwenye bimu", utafika utaikuta mitano imeoza na misumari imechomoza. Ingiza kwenye mita ya ukuta wa nyuma, uipe mita hiyo bei yake.

#34 Mama Wili
Mimi ningetaka mstari wake. Na kweli mirunda ningekuwa nayo, na isingekuwa mibovu.

#35 Mzee Msasa
Brashi, kabla hatujagombana hapa, tuwekee picha ya huo ukuta wa nyuma. Na hilo jiwe lionekane linaanzia wapi.